Jina Limekuja, Pesa Imekwenda

Mtu akisema ametapeliwa kwa simu, au ametuma hela kwa namba isiyo yenyewe, haulizwi kwanza nani kamwibia. Anaulizwa: "Kwani hukuangalia jina?" Mkewe anamuuliza, jirani anamuuliza, mhudumu wa huduma kwa wateja anamuuliza, na askari naye anamuuliza kabla hajafungua daftari. Likishaulizwa swali hilo, kesi imekwisha. Aliyeibiwa amekuwa mshitakiwa, na hukumu imeshasomwa.

Nyuma ya swali hilo kuna imani iliyoota mizizi toka kijiweni hadi kwenye ofisi za wanaosanifu mifumo ya malipo. Ni vyema tuieleze kwa haki kabla ya kuibomoa.

Wanaoishikilia wanasema hivi. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hofu kubwa ya mtumaji ilikuwa tarakimu: unabonyeza kumi, moja inateleza, na karo ya mtoto imeingia kwa mtu usiyemjua. Dawa ikapatikana, tena nyepesi. Kabla pesa haijatoka, mfumo unakuonyesha jina la mwenye namba. Ukiliafiki unaweka namba ya siri, usipoliafiki unaghairi. Siku hizi jina linakuja hata ukituma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, au kutoka simu kwenda benki. Mojaloop, programu huria iliyotolewa mwaka 2017 kwa msaada wa Gates Foundation ili nchi zijenge mifumo ya malipo isiyomwacha maskini nje, huanza kila muamala kwa kumtafuta mpokeaji, kisha pande mbili zinakubaliana masharti, ndipo pesa ihame. Na kwa kuwa mtumaji ameonyeshwa jina akaridhia, muamala ni wa mwisho, haurudi nyuma. Uhakika huo ndio unaomfanya mwenye duka akabidhi mfuko wa unga bila kusita. Basi, wanahitimisha, mtumaji amepewa kila anachohitaji. Akikosea, amejitakia.

Hoja imepangika vizuri. Tuikague nguzo moja moja.

1. Wanasema: jina linamtambulisha mpokeaji

Jina linalotokea kwenye skrini ni la aliyesajili laini. Anayeishika simu ni habari nyingine.

Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019. Mwisho ulipangwa uwe 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Nani amesahau foleni za miezi ile kwenye ofisi za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa? Aliyekuwa hajapata namba ya kitambulisho hakuwa tayari kupoteza namba ya simu anayojulikana nayo na wateja. Akamwendea mjomba, akamwendea shemeji, akaazima kidole. Mpaka leo yuko fundi bomba anayelipwa kwa jina la dada yake aliyeolewa Singida, na yuko mama anayepokea hela ya matumizi kwenye laini aliyosajiliwa na mwanawe.

Hata palipo na laini halali kabisa, jina la kitambulisho na jina la mtaani mara nyingi hayajuani. Mama Neema muuza samaki ana wateja waliomzoea kwa miaka. Siku wanapomlipa kwa simu anatokea Florentina, nao wanatazamana: huyu naye ni nani?

Simama kwenye kibanda cha wakala jioni, uangalie uhakiki huu unavyofanyika.

"Mama, jina linakuja Hamisi Rajabu. Ndiye huyo?"

"Mie namtumia mwanangu Zuhura."

"Basi mpigie kwanza."

Simu inapigwa, sauti inasikika mpaka kwa wa mwisho kwenye foleni: "Ndiyo, mama, ni laini ya shemeji, tuma tu!"

Na pesa inatumwa, na inafika salama. Hapo hakuna tapeli wala kosa. Lakini mama yule amefundishwa somo, na wote walio nyuma yake wamelisikia: jina likija tofauti si hatari, kuna shemeji. King'ora kinacholia kila siku kwa mambo ya halali kinawazoeza watu kukipuuza. Kisha siku king'ora hichohicho kinapolia kwa haki, tunamgeukia mama na kumuuliza kwa nini hakukisikia.

2. Wanasema: jina litamuumbua tapeli

Nani Tanzania ambaye hajawahi kupata ujumbe huu, au ndugu yake? "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja" fulani bin fulani. Umechekwa, umefanyiwa vichekesho, na bado unaendelea kuvuna watu.

Utazame ulivyojengwa. Tapeli hafichi jina, analitanguliza. Anajua umeshaambiwa na redio, na kampuni ya simu, na mjumbe wa nyumba kumi, kwamba uangalie jina. Basi anakutajia mapema jina utakaloliona, ili likitokea useme moyoni: hewaa, ndilo. Palepale unajihisi umekuwa mwangalifu. Aliyepuuza jina na aliyelisoma herufi kwa herufi wote wameibiwa, tofauti ni kwamba wa pili ameibiwa akiwa na amani. Hatua iliyowekwa imzuie mwizi imekuwa muhuri wake.

Jina lenyewe kalitoa wapi? Njia mojawapo inajulikana sana mitaani. Kijana wa kusajili laini anamwambia mzee, "Baba, kidole hakijasoma, weka tena." Mzee anaweka tena, anaondoka na laini moja, ya pili inabaki mfukoni mwa kijana. Hilo si siri kwa mamlaka. Ndiyo maana kuna *106#, ambako raia anaangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na kuna 15040, anakotuma namba za matapeli. Sasa tupime mantiki hii. Mchana mwananchi anaambiwa akague kama kuna watu wamesajili laini kwa jina lake bila yeye kujua. Jioni mwananchi huyohuyo anaambiwa aliamini jina linalotokea kwenye skrini kwa sababu limesajiliwa kwa alama za vidole. Haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

Atakayedhani hili ni tatizo la nchi zenye usajili legevu aitazame Uingereza. Benki zake kubwa zilianza kulinganisha jina na akaunti mwaka 2020, huko ambako akaunti haifunguliwi kwa kidole cha shemeji. Mwaka 2023 wateja wa nchi hiyo bado walipoteza pauni milioni 459.7 kwa utapeli wa aina moja tu, ule ambao mteja mwenyewe anaidhinisha malipo baada ya kudanganywa. Sababu si ngumu. Kuangalia jina kunajibu swali la kama akaunti hii ni ya fulani. Utapeli unaishi kwenye swali jingine: fulani huyo anastahili kulipwa? Aliyekwisha kudanganywa anataka kumlipa fulani huyo, na mfumo unamthibitishia kwamba, naam, ndiye.

3. Wanasema: mtumaji ana nafasi ya kuhakikisha

Mtumaji yupi? Yule wa kwenye tangazo, kijana mwenye simu kubwa, anayesoma bila taabu, aliyeketi mahali penye mwanga na hana haraka? Huyo anayo nafasi. Tena huyo hata bila jina angeokoka, maana angepiga simu kwanza.

Wengine sasa. Kuna mwenye kitochi, ambaye skrini yake inabana kiasi, makato, jina na agizo la kuweka namba ya siri katika mistari michache, na akichelewa menyu inakatika aanze upya. Kuna bibi asiyejua kusoma, anayempa mjukuu simu pamoja na namba ya siri, na hapo mhakiki ni mtoto wa darasa la nne. Kuna asiyeona, ambaye anahakikisha kwa sauti ya mtu mwingine, na hana njia ya kumhakiki mtu huyo. Na wako wengi ambao hawatumi wenyewe kabisa: wanampa wakala noti mkononi, wanamtajia namba, naye anairusha moja kwa moja kwenye laini ya mpokeaji. Hapo kuhakiki ni kutikisa kichwa huku foleni ikiguna nyuma.

Historia ya hatua hii yenyewe inatosha kuchekesha. Safaricom ilipoleta huduma ya Hakikisha nchini Kenya katikati ya muongo uliopita, mtumaji alionyeshwa jina akiwa ameshaidhinisha muamala, kisha akapewa sekunde chache za kusitisha. Asipogusa kitu, pesa inakwenda. Yaani ukimya ulihesabiwa kuwa ndiyo. Mwenye macho mazito, mwenye kusoma polepole, aliyeitwa na mtoto jikoni, wote walikuwa wamekubali kisheria.

Pesa za simu zilisifiwa kwa kumfikia yule aliyeachwa na benki kwa sababu hana karatasi, hajui kusoma fomu, yuko mbali. Kisha ulinzi wake ukajengwa juu ya mambo yaleyale yaliyomwacha nje: kusoma, utulivu na muda. Anayelindwa vizuri zaidi ni yule ambaye hakuwa hatarini sana.

4. Wanasema: kuonyesha jina hakumgharimu mtu

Kunamgharimu mwenye jina.

Chukua namba yoyote ya simu. Ingia kwenye menyu kana kwamba unatuma shilingi elfu moja. Jina linakuja. Ghairi. Hukukatwa kitu, na mwenye namba hana habari kwamba umemchungulia. Binti aliyempa bodaboda namba ili aletewe mzigo amempa pia jina la baba na la babu. Aliyeweka namba kwenye tangazo la chumba cha kupanga amejitangaza kwa majina ya kitambulisho. Hakuna aliyemwomba ridhaa, na hakuna kitufe cha kukataa.

Anayefaidi zaidi mlango huu ni nani? Saa nne asubuhi simu inaita: "Habari yako, Bi Rehema Athumani Mussa. Napiga kutoka huduma kwa wateja." Bi Rehema anashtuka. Amejuaje majina yangu matatu? Lazima kweli anatoka kwenye kampuni. Kumbe majina hayo ameyasoma kwenye menyu ya kutuma pesa dakika mbili kabla hajapiga. Kifaa cha kumkinga Bi Rehema ndicho kilichomtayarishia tapeli salamu zake. Kampuni inatoa jina kwa yeyote anayelitaka, kisha inamwonya mteja asimwamini anayelijua.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililotajwa, kwa kiasi kinachohitajika tu. Majina matatu kwa kila mpita njia ni kiasi gani hicho?

Njia nyingine zipo. Uingereza mtumaji anaandika jina analolijua, na benki inamjibu kama linalingana, linakaribiana au halilingani. Likiwa mbali kabisa, hapewi jina la mwenye akaunti. Nchi zinazotumia yuro zimeiwajibisha kila benki kufanya ulinganisho wa namna hiyo bure kuanzia 9 Oktoba 2025, na benki isiyoufanya ipasavyo inarudisha pesa iliyopotea kwa sababu hiyo. Kuandika jina kwenye kitochi ni adha, sikatai. Lakini kutaja jina moja na herufi za mwanzo za mengine hakuhitaji teknolojia ya ajabu. Kunahitaji mtu ofisini aone kwamba jina la mteja ni mali ya mteja.

5. Wanasema: aliyethibitisha ndiye abebe hasara

Hapa ndipo penye kiini, na mengine yote yalikuwa maandalizi ya hapa.

Linganisha nani anajua nini pesa inapotaka kutoka. Mtumaji anajua jina. Basi. Kampuni inayomhudumia mpokeaji inajua laini ilisajiliwa lini, wapi na na wakala gani. Inajua kama laini hiyo ililala miezi sita ikaamka leo. Inajua kama tangu asubuhi imepokea hela kutoka kwa wageni wa Mwanza, Arusha na Mtwara wasiojuana, na kama kila ilipoingia ilitolewa papo hapo. Inajua kama kuna mtu alishapiga kulalamika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofika kwenye skrini ya mtumaji. Mwenye taarifa zote haulizwi kitu, na mwenye jina tupu anaulizwa kila kitu. Utaratibu huu tumeuita uhakiki, kumbe kazi yake halisi ni kukusanya saini ya mtumaji ili hasara isije ikamrudia mwingine.

Baada ya maafa, msaada unategemea uzembe wa mwizi. Mkenya anautuma ujumbe wa muamala kwenda 456, Mtanzania anapiga huduma kwa wateja na kusikiliza muziki. Kama hela bado ipo kwenye laini ya mpokeaji, huenda ikazuiwa. Kama imeshatolewa, unaelekezwa polisi, na polisi unakutana na lile swali la jina. Mwizi anayejua kazi yake hatoi nafasi hiyo.

Wenzetu wameshachoka na mchezo huu. Uingereza, baada ya kuona kulinganisha majina hakutoshi, iliweka sharti kuanzia 7 Oktoba 2024: mteja aliyedanganywa akatuma mwenyewe kwa mfumo wa malipo ya haraka anarudishiwa hadi pauni 85,000, na gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Asiyerudishiwa ni yule aliyeshiriki udanganyifu au aliyezembea kupita kiasi, na hata kigezo cha uzembe hakimhusu mteja aliye katika hali ya udhaifu. Brazili ilianzisha mfumo wake wa malipo wa Pix Novemba 2020, na mwaka mmoja baadaye benki kuu yake ikauwekea utaratibu maalumu wa kuzuia na kurudisha pesa za utapeli kutoka akaunti iliyopokea. Watu wa Brazili hawakuacha kutumia Pix kwa sababu hiyo.

Najua majibu mawili yanakuja.

La kwanza: malipo yakianza kurudi, wanunuzi wakorofi watachukua bidhaa kisha wadai pesa, na mwenye duka ndiye atakayeumia. Ni kweli wakorofi hao wapo. Lakini kinachodaiwa hapa si kuchomoa hela kwenye laini ya mwenye duka. Muamala unaweza kubaki wa mwisho kwake, na fidia ikalipwa na kampuni mbili zilizoupitisha, baada ya uchunguzi. Wanaochanganya mambo haya mawili wanajua wanachokifanya.

La pili: kampuni zikilipa fidia, gharama itaongezwa kwenye makato ya wateja wote. Hivi leo gharama hiyo inalipwa na nani, kama si wateja? Tofauti ni kwamba inamwangukia mmoja, siku moja, yote: mtaji wa biashara, pesa ya upasuaji, michango ya msiba. Ikigawanywa itakuwa senti. Na kampuni itakayolipa nusu ya kila wizi itapata ghafla hamu ya kuwafuatilia vijana wake wa kusajili laini.

Kinachotakiwa

Sheria za mifumo ya malipo zipo, ya Kenya ya mwaka 2011 na ya Tanzania ya mwaka 2015, na benki kuu za nchi hizi ndizo zinazozipa kampuni hizi leseni na zinazoweza kuziwekea masharti. Masharti yanayofaa si mengi. Skrini imwambie mtumaji kile ambacho kampuni inakijua: laini hii ni mpya, laini hii imelalamikiwa. Pesa nyingi inayokwenda kwa namba ambayo mtumaji hajawahi kuitumia ikae saa chache kabla ya kutolewa, isipokuwa mtumaji mwenyewe aseme ana haraka. Jina lisomwe kwa sauti kwa anayetaka, na lisitolewe kamili kwa kila anayechungulia. Mtu anayetumia laini ya ndugu apewe njia rahisi ya kuihamishia kwake bila kupoteza namba. Na hasara ya utapeli igawanywe kati ya kampuni inayotuma na inayopokea, mpaka zithibitishe kwamba mteja alishiriki au alizembea kupita kiasi.

Kampuni ndiyo iliyomsajili mpokeaji, ndiyo inayoona mienendo ya laini yake, na ndiyo inayokata ada pesa inapoingia na inapotoka. Kumhakiki mpokeaji ni kazi yake. Ikishindwa kazi hiyo, ilipe.